Baladi za roki za miaka ya 80: uanze na ipi kati ya hizi?

Watu wakinikuta nasikiliza zile slo za roki za miaka ya 80 kwanza wanacheka. Manywele yamejaa sprei, moshi jukwaani, mapazia yanapepea na dirisha halionekani, mtu anaimba kakunja ngumi utadhani kafiwa na ukoo mzima. Wakimaliza kucheka ndo mmoja mmoja ananifuata pembeni, eti bwana we, mi nataka kuzijua hizo ngoma, nianze na ipi? Swali zuri, maana ukitafuta kwenye app ya muziki unamwagiwa pleilisti ya nyimbo mia, na ukianza na mbovu hurudi tena.

Basi nazilinganisha hapa zile zinazoshindana kweli na nasema wazi ipi ya nani. Sijaweka zote. Nimeweka zile ambazo zikipigwa hata mtu ambaye Kiingereza kinampiga chenga anaacha alichokuwa anafanya anauliza huyu nani.

Tuelewane kwanza kwenye jambo moja maana ndo kipimo changu. Wengi wanadhani uzito wa hizi nyimbo ni kelele, yani sauti kubwa na magitaa. Hapana. Kelele iko kibao kwenye hevi metali na hailizi mtu. Kinacholiza ni kile kipande cha kabla ya kelele, pale mwimbaji anajizuia, anaongea kwa sauti ya chini juu ya kinanda tu, dramu hakuna, besi hakuna, na wewe unajua kabisa kuna kitu kinakuja ila hakiji, hakiji, hakiji. Sa hapo waimbaji wanagawanyika makundi mawili. Kuna wanaozuia mpaka unataka kuwaomba waachie, na kuna wanaomwaga kila kitu halafu wakishamwaga wanamwaga tena. Ukishajua wewe ni mtu wa kundi gani, umeshachagua nusu.

Na kwa nini miaka ile na sio mingine? Sababu mojawapo ni dramu. Kule London, studio ya Townhouse, Phil Collins alikuwa anapiga dramu kwenye albamu ya Peter Gabriel iliyotoka 1980, na fundi mitambo Hugh Padgham akasikia kwamba ile maiki ya studio ya kuongelea na wanamuziki, sio ya kurekodia kabisa, inaibana sauti ya dramu inakuwa kubwa ya kutisha halafu inakatika ghafla. Wakaipenda. Collins akaitumia tena kwenye "In the Air Tonight" ya 1981, wimbo ambao dramu zake zinasubiri zaidi ya dakika tatu na nusu ndo ziingie, na zikiingia kila mtu aliyewahi kuwa peke yake kwenye gari ameshazipiga kwenye usukani. Kuanzia hapo kila prodyuza akataka dramu za namna hiyo. Mwaka 1983 Yamaha wakatoa kinanda chao cha DX7, kile chenye sauti ya piano ya kioo kioo hivi, ukiisikia tu unajua mwaka. Na MTV ilikuwa imeshaanza tangu Agosti 1981, kwa hiyo wimbo ukawa unahitaji sura, upepo na moshi. Makampuni ya rekodi nayo yakagundua kundi la roki ngumu likitoa slo moja tu redio zote zinaipiga, basi kila albamu ikawa na slo yake. Hayo ya biashara tuyaache, twende kwenye nyimbo.

Bonnie Tyler na Air Supply, baba mmoja

Huu ndo ulinganisho ninaoupenda kuliko yote kwa sababu ni kama jaribio la maabara. "Total Eclipse of the Heart" ya Bonnie Tyler na "Making Love Out of Nothing at All" ya Air Supply zote ni za 1983, zote kaandika Jim Steinman, zote kaprodyuzi mwenyewe, na wapigaji ni wale wale: Roy Bittan kwenye piano na Max Weinberg kwenye dramu, hawa ni watu wa bendi ya Bruce Springsteen, na Rick Derringer kwenye gitaa. Oktoba ile ya 1983 nyimbo hizi mbili zilikaa pamoja juu ya chati ya Marekani, Bonnie namba moja, Air Supply namba mbili wanamchungulia kwa chini. Mtunzi mmoja kashika namba moja na mbili kwa wakati mmoja. Meat Loaf, yule jamaa ambaye Steinman alimtengenezea jina miaka ya 70, alikuwa analalamika kwamba nyimbo zile ziliandikwa kwa ajili yake, Steinman akawa anakataa, na ugomvi wao ulikuwa mrefu kuliko hata nyimbo zenyewe.

Sasa kama jikoni ni moja na wapishi ni wale wale, tofauti ni nini? Koo.

Bonnie ni Mwelsh, na miaka ya 70 alipata vinundu kwenye nyuzi za sauti akafanyiwa upasuaji, madaktari wakamwambia akae kimya wiki kadhaa, mwenyewe amesimulia kwamba siku moja hasira zikampanda akapiga ukelele, na sauti haikurudi kama zamani. Ikabaki na ule mkwaruzo. Yani kile unachokisikia kinapasuka kwenye kiitikio sio manjonjo, ndo koo lenyewe lilivyo. Na Steinman alijua cha kulifanyia. Anaanza na piano ndogo, halafu sauti ya mwanaume, Rory Dodd, inamwita Bonnie kutoka mbali, inamwita tena, na tena, na kila akiitwa yeye anajibu kwa kukiri jambo zito kidogo kuliko lile la kwanza. Sikiliza hapo na hedfoni: Rory hapandishi sauti kabisa, anaita kwa upole ule ule kila mara, ila Bonnie kila akijibu kapanda ngazi moja. Hawaongezeki wote wawili. Mmoja katulia tuli na mwingine anachanganyikiwa, na ile tofauti ndo inakushika shingo kabla hata dramu hazijafika. Zikifika ni mizinga. Halafu wimbo unashuka chini kabisa, unadhani yameisha, unaanza kupanda upya.

Huyu ni mmwagaji. Hazuii. Na mi siwezi kumlaumu kwa sababu kuzuia kungekuwa uongo kwa sauti ile.

Air Supply ni kinyume. Wawili hawa, Graham Russell wa Uingereza na Russell Hitchcock wa Australia, walikutana Sydney mwaka 1975 kwenye mchezo wa jukwaani, na mpaka 1983 walikuwa wameshazoeleka kwa nyimbo laini za mapenzi, redio zetu huku hazijawahi kuwaacha mpaka leo, Jumapili jioni lazima upigwe mmoja. Hitchcock ana sauti safi, haina hata chembe ya mchanga. Kwenye wimbo wa Steinman anaanza kwa kuorodhesha, anajua kufanya hiki, anajua kufanya kile, taratibu, kistaarabu, na wewe unangoja aseme asichokijua. Akifika hapo wimbo unafunguka na gitaa la Derringer linaingia kwa fujo ambayo hukutegemea kwenye wimbo wa watu hawa wapole. Ni mzuri sana. Ila mi naona safi ile inamponza kidogo, maana Steinman anaandika maneno ya mtu aliyekaribia kuvunjika na Hitchcock sauti yake haivunjiki, haiwezi. Unapendeza, haukutishi.

Kwa hiyo ukiwa mtu wa kupenda uzuri, melodi iliyonyooka, chukua Air Supply. Ukitaka kutikiswa, Bonnie. Inafurahisha kwamba miaka ya 90 Bonnie mwenyewe aliuimba ule wa Air Supply, ukiusikia utaelewa nachosema kuhusu mchanga.

Video ya Bonnie usiangalie kabla ya kusikiliza. Ilipigwa kwenye jengo kubwa la kale kule Surrey lililokuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ndani kuna watoto wa kwaya macho yanawaka taa, wanaume wanapigana kwa upanga, ninja wapo pia, sijui wametumwa na nani. Ukianza na video utacheka na wimbo utakupita. Sikiliza kwanza gizani halafu video iwe zawadi.

Foreigner, kwa wenye subira

"I Want to Know What Love Is" ilitoka mwishoni mwa 1984. Januari 1985 ilikuwa namba moja Uingereza, ndiyo iliyowatoa Band Aid na ule wimbo wao wa Krismasi wa kuchangia njaa ya Ethiopia, na Februari ikawa namba moja Marekani ikimtoa Madonna na "Like a Virgin". Kaiandika Mick Jones, sio yule wa bendi nyingine ya The Clash, huyu ni Mwingereza mpiga gitaa wa Foreigner, na anayeimba ni Lou Gramm, Mmarekani, ambaye alikuwa hapendi hata kidogo jinsi kundi lao la roki lilivyokuwa linaelekea kwenye vinanda na slo. Mi nadhani kutopenda kwake kumesaidia. Gramm anauimba kama mtu anayelazimishwa kukiri. Hajirembi. Anakaa chini, anabaki chini, ukifika ubeti wa pili bado yuko chini, na kinanda kinavuma tu nyuma yake.

Halafu kuna kwaya. New Jersey Mass Choir, kwaya ya injili kabisa, na kati ya sauti za nyuma yumo Jennifer Holliday, yule wa Broadway, michezo ya jukwaani ya kule New York. Mick Jones amesimulia kwamba mara za mwanzo kwaya ilipojaribu kuimba ilikuwa haijakaa sawa, ndo wakasimama duara, wakashikana mikono, wakasali Baba Yetu, wakarudi kwenye maiki, na kilichorekodiwa baada ya hapo ndo tunachokisikia. Sasa sisi watu wa huku hatuhitaji kuelezwa hilo. Mtu aliyewahi kuimba kwaya hata ya mtaani anajua tofauti ya watu kuimba noti na watu kuimba wakiwa pamoja, na unaisikia pale mwishoni, Gramm anakuwa kama ameacha kuongoza, kwaya inamchukua, yeye anabaki kurukaruka juu yake kama mtu wa kuitikia kwenye wimbo wake mwenyewe.

Huu ni wimbo wa wazuiaji, na umezuia kuliko karibu wote kwenye orodha hii. Karibu dakika 5 na mzigo wote uko nyuma. Ubaya wake uko hapo hapo: mtu asiye na subira dakika ya pili ameshabonyeza wimbo unaofuata, atakwambia mbona wa kawaida tu. Hajafika. Usimpe mtu huu wimbo akiwa na simu mkononi anaskroli.

Mariah Carey aliurudia 2009. Anapanda vizuri, nani atabisha, lakini Mariah kushindwa kupanda haiwezekani, wakati raha ya Gramm ni kwamba unamsikia kabisa anavyohangaika kufika.

Heart, kwa mwenye haraka na mwenye mashaka

Ukiniambia nina dakika nne tu na sikuamini, nakuwekea "Alone" ya 1987. Dakika tatu na nusu na kidogo, imeisha. Piano, Ann Wilson kwa sauti ya chini, usiku, hana usingizi, mtu anayemfikiria hayupo. Hakuna maelezo mengi. Anajizuia ubeti mzima, na wakati kiitikio kinakuja dramu na magitaa yanaanguka kwa pamoja kwenye neno moja na Ann anaachia sauti yote aliyonayo, na sauti aliyonayo huyu mama ni kubwa kupita kiasi, alikuwa anaimba roki ngumu na mdogo wake Nancy tangu miaka ya 70 huko Seattle na wanaume wengi wa roki wa wakati ule hawamfikii.

Kwa hiyo Heart wako katikati ya makundi yangu mawili. Anazuia dakika moja hivi, kisha anamwaga bila huruma, anarudi chini, anamwaga tena kubwa zaidi. Ni somo zima la aina hii ya muziki kwenye wimbo mfupi na ndo maana mi naupendekeza wa kwanza kwa mgeni.

Wimbo sio wa kwao asili. Billy Steinberg na Tom Kelly waliuandika na wakautoa wenyewe 1983 kwa jina la I-Ten, haukwenda popote. Hao hao ndo walioandika "Like a Virgin" niliyoitaja hapo juu, yani ule uliotolewa kileleni na Foreigner, dunia ndogo. Heart wakauchukua na Julai 1987 ukakaa namba moja Marekani wiki tatu. Baadaye Carrie Underwood aliuimba kwenye American Idol ya 2005 na ndo watu wengi wa umri wangu walikoujulia, na Celine Dion naye akaurudia 2007.

Kasoro yake? Umepigwa msasa. Kila kitu kipo pahali pake, prodakisheni inang'aa, hakuna kitu kinachokushangaza mara ya kumi. Bonnie mara ya kumi bado anakushangaza kwa sababu hata yeye anaonekana hajui anakoelekea. Kwa hiyo Heart wa kuanzia, Bonnie wa kukaa naye.

Jennifer Rush au Celine?

Hapa najua ntagusa watu. "The Power of Love" huku kwetu ni wimbo wa Celine Dion, nukta. Maharusi wameingia nao ukumbini, wengine wamekatia keki nao. Ila Celine aliurudia 1993. Mwenyewe ni Jennifer Rush, Mmarekani wa New York aliyekuwa anafanyia kazi Ujerumani, wimbo ukatengenezwa huko huko na maprodyuza wa Kijerumani, ukatoka 1984, na Uingereza ulipanda taratibu miezi na miezi mpaka Oktoba 1985 ndo ukawa namba moja, ukakaa wiki tano, ukawa singo iliyouza kuliko zote mwaka ule nchini humo. Marekani kwao hawakumtambua, haukuingia hata hamsini bora. Wakaja kumshangilia Celine kwa wimbo ule ule mwaka 1994 ukawa namba moja. Air Supply walijaribu, Laura Branigan alijaribu, bado. Ulikuwa unamsubiri Celine.

Nani bora? Celine ni mwimbaji mkubwa zaidi, sibishani na hilo. Ila sikiliza beti. Jennifer ana sauti nzito ya chini, karibu ya kiume, na kwenye beti anakaa huko chini kabisa bila haraka, kinanda kinadunda pole pole kama moyo wa mtu aliyelala, na unaamini kwamba huyu mwanamke yuko kitandani kweli anamsikiliza mtu anapumua. Kiitikio kikija hauruki, unainuka. Celine kwenye beti anaonekana anasubiri kiitikio, na wewe unasubiri naye, na kiitikio kikifika ndo unapiga makofi. Mmoja anaimba mapenzi, mwingine anaimba wimbo. Harusini weka Celine, wageni watafurahi na MC atapata pa kuongelea. Nyumbani mkiwa wawili weka Jennifer, ule mrefu wa kwenye albamu.

Kwa kipimo changu Jennifer ni mzuiaji kamili, labda hata zaidi ya Foreigner, maana hata kilele chake hakipasuki. Ndo sababu wengine wanaona wimbo mrefu mno. Wana haki yao.

Wengine kwa haraka

Scorpions, "Still Loving You", 1984. Wajerumani wa Hannover, na huku wengi tunawajua kwa ule wa mluzi, "Wind of Change", uliokuja miaka ya 90. Huu ni bora kuliko ule, semeni mnavyotaka. Gitaa linachezewa uzi mmoja mmoja, Klaus Meine anaomba msamaha kwa Kiingereza chenye lafudhi, na lafudhi ile inaongeza kitu, mtu anayeomba kwa lugha isiyo yake anakuwa hana pa kujificha. Zaidi ya dakika 6. Dakika za mwisho analirudia lile lile huku gitaa likizidi na wimbo ukififia bila kupewa jibu. Meine naye alishafanyiwa upasuaji wa nyuzi za sauti miaka michache kabla, sawa na Bonnie, na wote wawili walitoka huko na nyimbo zao kubwa kuliko zote. Huu ni wa barabarani usiku, basi la mkoa, taa zimezimwa, umekaa dirishani na umekosana na mtu.

Poison, "Every Rose Has Its Thorn", namba moja Marekani Desemba 1988. Sio mkubwa kama hawa wengine, gitaa la kawaida, kuna kitu cha kantri ndani yake. Nautaja kwa ajili ya Wakenya. Mtu aliyelelewa na Don Williams na Kenny Rogers nyumbani, redio ya mzee, asianze na Bonnie, atashtuka. Aanze na huu, atavuka daraja bila kulowa.

Journey, "Open Arms", 1982. Steve Perry ana sauti ambayo haipaswi kuwa halali. Wimbo wenyewe mtamu mno kwangu, na hauna ule mlipuko ninaoutafuta, ila kuna watu wanaapa nao.

REO Speedwagon wapo, Whitesnake wapo, Europe na "Carrie" yao wapo. Utawafikia tu, hawakimbii.

Sasa uchague kwa kazi gani

Karaoke, nakuomba kwa heshima, usiguse Heart. Nimeona wadada wenye sauti nzuri kabisa wanaanza "Alone" vizuri, beti safi, meza zote zimetulia, halafu kiitikio kinafika na hakuna mahali pa kupumua, sauti inakatika, na ukishakatikia pale una dakika mbili zaidi za kusimama mbele za watu. Perry vivyo hivyo, wanaume mnaopenda kujaribu mnajijua. Karaoke chukua Foreigner. Gramm haendi mbali sana kwenye beti, na ukifika kwenye kiitikio ukumbi mzima unakuwa kwaya yako, hata ukikosea noti hakuna atakayesikia. Au chukua Bonnie mkiwa wawili, mmoja awe Rory wa kuita. Huyo wa kuita ndo ana kazi rahisi kuliko zote duniani na anapigiwa makofi sawa na mwenzake. Bonnie hata ukikwaruza ni sawa, tena ukikwaruza ndo inafaa.

Ukiwa na machungu ya kweli, sio ya kujifanya, ya mtu kukuacha juzi: usianze na Bonnie, atakuongezea. Jennifer pia hapana, wimbo wake ni wa aliye na mtu. Scorpions kama bado unataka arudi. Foreigner kama umeshakubali kwamba harudi na unajiuliza hivi hii kitu inayoitwa mapenzi iko wapi.

Kufua, kupiga deki, kupika Jumamosi: Bonnie, bila mjadala, sauti juu, na ufagio ndo maiki.

Kumshawishi mtu anayedharau: Heart kwanza, usimwambie jina wala mwaka, mwache afike kwenye kiitikio. Akiuliza huyu nani, hapo hapo mpe Bonnie ule mrefu. Foreigner mwekee siku nyingine kabisa, mkiwa mmetulia. Ukivuruga huu mpangilio ukampa Foreigner kwanza atasinzia.

Mi mwenyewe nikibanwa nichague mmoja tu wa kubaki nao ni Bonnie. Najua kwa maelezo yangu yote ya kuzuia na subira ilitakiwa niseme Foreigner, na kwa akili ndivyo ilivyo, Foreigner ndo umejengwa vizuri zaidi. Lakini Foreigner nauheshimu na Bonnie namrudia. Agosti 2017 jua lilipopatwa Marekani, na eclipse ya kwenye jina la wimbo ndo kupatwa kwenyewe, walimpandisha kwenye meli ya kitalii baharini akauimba wakati kiza kinaingia, mama wa miaka sitini na kitu, na nani mwingine kwenye orodha hii angeweza kuitwa kazini na mwezi na jua?

Kabla hujabonyeza, angalia toleo

Hapa ndo watu wanapoharibikiwa bila kujua. "Total Eclipse" ipo ya redio, dakika nne na nusu hivi, na ipo ya albamu ya *Faster Than the Speed of Night*, karibu dakika 7. Ya redio imekatwa, na kwenye wimbo wa mmwagaji ukikata umemnyang'anya kazi yake. Chukua ndefu. Kuna pia ya disko ya Nicki French ya katikati ya miaka ya 90, ilivuma sana, ya kuchezea sawa, ila sio hii tunayoongelea. Jennifer naye chukua ya albamu.

Kubwa zaidi ni nyimbo zilizorekodiwa upya. Hawa wasanii wengi walirudi studio miaka mingi baadaye wakarekodi vibao vyao tena, na kwenye app zinakaa pamoja na za zamani, jina lile lile, picha inayofanana. Foreigner wana za namna hiyo na anayeimba sio Lou Gramm kabisa, ni Kelly Hansen, mwimbaji mzuri tu, ila sio yeye. Kwa hiyo angalia jina la albamu, Foreigner iwe *Agent Provocateur*, Heart iwe *Bad Animals*, Scorpions iwe *Love at First Sting*. Ukiona imeandikwa mkusanyiko wa vibao bora halafu mwaka ni wa juzi juzi, pita, tafuta nyingine, hata kama ndo imetokea ya kwanza.